Kuchagua TV: nilivyodanganywa na taa za dukani

Mkuu, umesema sebule yako ya Ihumwa, hapa Dodoma, ina dirisha kubwa linalotazama magharibi, umeona TV mbili za inchi 55 kwenye duka moja pale mjini, bei zinakaribiana, na moja "inawaka" kuliko mwenzake. Unauliza kama uchukue hiyo inayowaka. Subiri kwanza, mimi nilichukua inayowaka.

Ilikuwa duka moja jirani na soko la Majengo. Ukutani zimepangwa kama kumi hivi, zote zinacheza video ileile: kasuku, tunda linalokatwa kwa kisu, majengo ya usiku. Nikaonyesha kidole iliyong'aa kupita zote. Kuifikisha Nkuhungu na kuweka taarifa ya habari, mtangazaji ana uso wa rangi ya karoti, na shati lake jeupe lina ubluu kama sare ya shule iliyozidishiwa bluu kwenye beseni. Mama watoto akaniuliza kama huyo mtu anaumwa.

Haikuwa mbovu. TV ya dukani mara nyingi huachwa kwenye mpangilio ambao menyu inauita Vivid au Dynamic. Mwanga wa nyuma ya kioo unafunguliwa hadi mwisho, rangi zinakolezwa, na weupe unasogezwa kwenye ubluu, kwa kuwa chini ya taa kali za dukani jicho huona ubluu ndio usafi. Ingia kwenye menyu ya picha uchague Movie, Cinema au Filmmaker. Mwanzoni utaona imefifia na ina unjanounjano. Iache kama dakika kumi, usiibadilishe. Jicho likizoea, ngozi ya mtu inakuwa ngozi ya mtu. Kwa hiyo omba rimoti, ziweke zote mbili kwenye mpangilio huo mmoja, ndipo uzilinganishe. Muuzaji akinuna, mwache anune, hela ni yako. Inawezekana kabisa hiyo unayoona imepooza imewekwa tu tofauti.

Halafu nenda na flashi yako. Mimi siku hizi yangu ina vitu vitatu: picha nyeusi tupu, picha ya kijivu tupu, na kipande cha mpira wa miguu. Kwenye nyeusi, kinga mwanga kwa mkono uangalie pembeni na kwenye kona za kioo. Mwanga ukivuja utaona mawingu ya kijivu, na hayo ndiyo yatakayokukera ukizima taa uangalie filamu ya usiku. Kwenye kijivu tafuta madoa na mistari iliyosimama. Kwenye mpira, fuatisha macho kamera inapokimbia na winga: TV yangu ile ya kwanza ilikuwa na mistari myeusimyeusi kwenye nyasi, kama uwanja umefagiliwa kwa chelewa. Dukani sikuiona, kasuku hakimbii.

Sasa kaa pembeni. Kweli kabisa, sogea mpaka ulipo mlango wa duka. Vioo vya LED vya kawaida viko vya aina mbili kubwa: VA, weusi wake ni mzito lakini ukikaa upande rangi zinapauka, na IPS, ukikaa popote rangi zinabaki, ila weusi wake gizani ni wa majivu. Kama nyumbani kwako watazamaji ni wawili kwenye kochi, VA. Kwangu watoto wamejaa mkekani chini na majirani wako mlangoni siku ya Simba na Yanga, IPS ingenifaa zaidi. QLED usiiogope, nayo ni LED ya aina hiyohiyo iliyoongezewa tabaka la kuboresha rangi. OLED ndiyo tofauti, kila nukta inajiwashia taa yake, nyeusi inakuwa nyeusi kweli. Lakini ukiacha chaneli moja toka asubuhi hadi usiku, nembo ya kituo ikiwa imeganda kona ileile kwa miaka, inaweza kubaki na kivuli chake.

Hilo dirisha lako la magharibi ndilo kesi kubwa kuliko yote. Jua la Dodoma la saa kumi na moja jioni unalijua. Wewe simama mbele ya TV ikiwa imezimwa: ukijiona kama kwenye kioo cha kinyozi, basi jioni utakuwa unaangalia pazia lako. Hapo mwanga mwingi unasaidia, ila kuiweka TV ukuta mwingine kunasaidia zaidi, na ni bure.

Kuhusu 4K, yaani picha yenye nukta mara nne ya Full HD, usipoteze usingizi. Kwa inchi 55, jicho lisilo na tatizo likiwa zaidi ya mita mbili na kidogo kutoka kwenye kioo haliwezi tena kuzitenganisha nukta za Full HD, sembuse za 4K. Na ving'amuzi vyetu chaneli nyingi wala hazifiki huko. Utaichukua 4K kwa sababu inchi 55 karibu zote sasa ni 4K, basi. Neno HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa kati ya mwanga na giza, kwenye boksi la TV ya bei ya chini nalo lina maana ndogo, taa yake haina nguvu ya kuonyesha tofauti.

Sauti ndiyo iliyonichosha kuliko picha. TV ni nyembamba, spika zimebanwa chini na zinatazama meza, nyingi wati 10 kila upande. Bibi alipokuja kutoka Mpwapwa akasema huyu msoma habari anaongea akiwa ndani ya mtungi. Mvua ya Januari ikipiga bati, maneno hayasikiki kabisa. Dukani usisikilize muziki, tafuta mtu anayeongea, ongeza sauti hadi robo tatu, sikiliza kama boksi linatetemeka. Nilitaka kuunganisha sabufa yangu ya zamani, ile ya waya mwekundu na mweupe; nageuza TV, hakuna tundu hilo. Kuna HDMI ARC, yaani tundu la HDMI linaloweza kutoa sauti nje, na tundu la mwanga (optical) tu. Nikanunua kigeuzi kidogo cha kuitoa sauti hiyo kwenye waya mwekundu na mweupe, nikachomeka, kimya. Siku mbili nahangaika, kumbe sauti ya TV inatakiwa iwekwe kwenye PCM, yaani sauti ya kawaida isiyobanwa, kwenye menyu. Kwa hiyo chungulia matundu ya nyuma kabla ya kulipa.

Umbo sina maneno mengi, ukiiwasha huoni fremu. Ila miguu iangalie. Inchi 55 ina upana wa zaidi ya mita moja na ishirini, na nyingi miguu yake iko karibu na ncha. Meza yangu ya mninga ina sentimita 90. Mpaka leo TV imekaa juu ya ubao niliochongewa na fundi, na kila mgeni anauliza ule ubao ni wa nini.