Saratani ya damu: je, vidonge ni dhaifu kuliko dripu?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mdogo wangu amegundulika ana lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu inayokwenda polepole, akaandikiwa imatinibu miligramu 400, kidonge kimoja kwa siku. Mtoto wa jirani naye ana lukemia, lakini amelazwa Dodoma mjini wiki ya tatu sasa, anatundikiwa dripu. Wazee wanasema sisi tumepewa vidonge kwa kuwa hatuna fedha. Tuombe dripu? – Msomaji, Kondoa.

JIBU: Marahaba. Msiombe. Imatinibu ni dawa ya kumeza, na karibu asilimia 98 ya dozi hufika kwenye damu. Dripu ingeongeza nini hapo? Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na huzuia protini mbovu inayoziamuru chembe za damu zizaliane ovyo. Kabla yake ugonjwa huu ulikuwa unaua wengi ndani ya miaka michache.

Watoto wengi wenye lukemia hupata aina nyingine, ile inayokwenda kasi. Baadhi ya dawa zake hazimezeki: sitarabini, kwa mfano, huharibiwa na utumbo na ini kabla haijafanya kazi, na vinkristini hupita kwenye mshipa tu, tena kwa uangalizi, kwani ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Hata hivyo, akishapata nafuu, huyo mtoto naye huenda akapewa vidonge vya kumeza nyumbani kwa miaka kadhaa. Sijui wazee watasema nini siku hiyo!

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kwingine. Dripu ina muuguzi wa kuisimamia. Kidonge kinamtegemea mgonjwa mwenyewe. Anajisikia mzima, anaruka siku mbili tatu, ugonjwa unapata upenyo. Ameze wakati wa chakula, na maji glasi kubwa, maana kinachafua tumbo. Akisahau, asimeze viwili kesho yake. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu, daktari wa saratani ajulishwe mapema, kwa sababu rifampisini huishusha imatinibu mwilini. Balungi hufanya kinyume, huipandisha, kwa hiyo aliache. (Zabibu zetu hazimo katika katazo hilo; watu huchanganya kwa sababu balungi kwa Kiingereza huitwa “grapefruit”, na zabibu “grapes”.)

Na asingoje kidonge cha mwisho ndipo apande basi kufuata vingine.