Pipa la pili lina bei gani?

SWALI

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mwaka wa kumi na moja sasa naishi na familia katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Nyumba yetu ina bustani nyuma: mtofaa mmoja, wigo wa miti pande tatu, na nyasi ambazo kuanzia Mei hadi Septemba huota kama zimelipwa. Mke wangu ana tuta lake la mchicha na maboga. Halmashauri hututoza pauni 48 kwa mwaka kuchukua pipa la kahawia la majani kila baada ya wiki mbili, na pipa la pili tulikuwa tukiongeza pauni 15 tu. Sasa wametangaza kwamba wanataka kila pipa la ziada lilipiwe 48 hizohizo, na kwamba jambo litapita kwanza kwenye kamati ya madiwani inayokagua maamuzi. Kodi ya halmashauri nalipa kila mwezi bila kukosa. Huku si kutozwa mara mbili? Na hiyo kamati ina meno, au wanakwenda kunywa chai tu?

Mchuma Mchicha

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na lisilopendeza: hoja ya kutozwa mara mbili iache nyumbani. Sheria ya mazingira ya 1990 inailazimu halmashauri kuchukua taka za nyumbani bure, lakini imeacha mlango kwa aina chache zinazoweza kulipiwa, na kanuni za 2012 za England na Wales zimeyaweka majani ya bustani humo. Birmingham ilianza kutoza mwaka 2014, pauni 35. Mwaka 2021 serikali kuu iliwauliza watu kama huduma hii iwe bure England nzima, kisha ikaamua halmashauri ziendelee kutoza. Kwa hiyo ukisimama mbele ya madiwani ukasema "mimi nalipa kodi", watakuitikia kwa huruma, halafu mwenyekiti atamwita anayefuata.

Penye upenyo ni kwenye kiasi. Malipo yanatakiwa yawe ya kadiri, na yawe ya kukusanya. Lishike neno hilo, kukusanya. Lori limeshasimama mlangoni kwako kwa ajili ya pipa la kwanza. Dereva ni yuleyule, safari ni ileile, kijana wa nyuma ameshashuka. Pipa la pili linaongeza nini? Dakika isiyotimia ya kulipandisha, na nafasi tumboni mwa lori, kwa sababu lita 240 za nyasi mbichi ni mzigo, na lori likijaa mapema lazima liende kumwaga lirudi. Hizo ni gharama za kweli, usizibeze. Lakini zinafika sawasawa na za pipa la kwanza, hata pauni moja isipungue? Mimi sioni zinavyofika, na ningetaka nionyeshwe hesabu. Wakikujibu kwamba kiwanda cha mboji kinatoza kwa tani, waulize kwa upole kama huko bado ni kukusanya. Na kama kwenu kuna halmashauri mbili, ya wilaya na ya kaunti, ujue wilaya ndiyo inayokusanya, kaunti ndiyo yenye mzigo wa kinachofuata, yaani kuyatupa au kuyageuza mboji.

Kuhusu meno: inayo, ila ya utoto. Kamati hizi zilikuja na sheria ya 2000, pale maamuzi mengi yalipowekwa mikononi mwa kikundi kidogo cha madiwani wakuu. Haziwezi kufuta uamuzi. Zinaweza kuuchambua kabla haujapita, na hata ukishapita zinaweza kuurudisha kwa wakubwa wautazame upya kabla haujatekelezwa. Wakubwa nao wana ruhusa ya kusema lilelile tena.

Ila wakubwa hawapendi kuulizwa tarakimu hadharani wakakosa. Niliwahi kukaa kwenye kikao kama hicho, Januari, ukumbi baridi kama friji, wananchi watatu tu kwenye viti vya nyuma. Bwana wa kwanza alihutubia kuhusu dhuluma hadi akakatwa. Kisha akainuka bibi mmoja mwenye mkongojo, akauliza swali moja: ni nyumba ngapi zina pipa la pili, na mmekadiria ngapi zitalirudisha bei ikipanda? Ofisa akapekua makaratasi. Akapekua tena. Makadirio ya mapato yalikuwa yamechukulia kwamba hakuna hata mmoja atakayelirudisha! Kamati ikaagiza hesabu ifanywe upya. Bei ilipanda hatimaye, sikufichi, lakini chini ya ile iliyotakiwa, na wenye kipato kidogo wakabakiziwa nusu bei. Mpaka leo nikikutana na bibi yule dukani namwamkia kwa heshima zote.

Wewe fanya kama yeye. Swali moja, lenye namba, na lisome kwenye karatasi usije ukatetemeka.

Wakati huo punguza majani yenyewe. Mama yako Pangani hakuwa na pipa la kahawia. Alichofagia kiliishia shinani mwa mgomba. Mtofaa wa Kiingereza nao haukatai mboji, wala hilo tuta la mchicha. Matawi ya wigo yatie kwenye buti uyapeleke dampo la halmashauri, huko mkazi hupokelewa taka zake za nyumbani bila malipo, ila tazama kwanza kama wanataka uweke miadi. Usiyafiche kwenye pipa la taka za kawaida. Wakiyaona wataliacha limejaa mlangoni, na majirani watasoma.

Karatasi za kikao hutolewa siku tano za kazi kabla, na kikao kiko wazi kwa yeyote. Kuuliza swali ndiko kuna masharti, kila halmashauri na yake, na nyingi hutaka ulipeleke mapema kwa maandishi. Mpigie karani wa kamati kesho asubuhi umwulize mwisho ni lini.