Mheshimiwa Mwenyekiti, mkurugenzi si karani wako

Diwani mmoja aliyechaguliwa karibuni kuwa mwenyekiti wa halmashauri kaniandikia: "Shikamoo mzee. Huyu mkurugenzi hanisikilizi. Niwaone wakubwa wamhamishe?"

Marahaba, na hapana. Akija mwingine utaanza naye moja, na miaka mitano haikusubiri.

Tazama kwanza sheria ilivyowafunga kamba moja. Wewe umechaguliwa na madiwani wenzako, yeye kateuliwa na Rais. Humwajiri, humfukuzi. Lakini bajeti yake haipiti bila baraza, na katibu wa baraza hilo ni yeye. Hata kwenye kata ni hivyo hivyo: diwani anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji ndiye katibu.

Nilipokuwa mwenyekiti, mimi na mkurugenzi wangu tulipatanishwa na kabrasha, lile furushi la nyaraka za kikao. Lilikuwa linanifikia jioni, baraza kesho yake asubuhi. Nikamfuata ofisini, nikafunga mlango. "Ndugu Mkurugenzi, usinishtukize mbele ya madiwani, nami sitakushtukiza." Tangu hapo, kabla ya kila kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, tulikaa wawili na rasimu mezani.

Mwezi mmoja nikaona kwenye taarifa ya mapato ya ndani kwamba makusanyo ya mashine hayalingani na yaliyofika benki. Watu walikuwa wanatumia fedha mbichi, yaani kabla hazijafika benki. Ningelipua barazani ningepigiwa meza mpaka basi! Nikamwekea kidole kwenye ile safu. Alinyamaza, kisha akamwita mweka hazina palepale. Siku ya kikao aliisoma hoja mwenyewe, pamoja na hatua alizochukua. Sikumficha kwa madiwani, ila nilitaka aje na majibu. Walimbana sawasawa, kisha baraza likajigeuza kamati kushughulikia watumishi waliohusika.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kila diwani ana kikundi chake mfukoni. Mimi sikuwahi kumvuta afisa maendeleo ya jamii pembeni nimpe majina. Nani mwingine anaweza kusema hivyo?

Hati safi ya ukaguzi wa hesabu tulipata. Kwenye kura za maoni ndani ya chama wenzangu wakaniangusha, wakiniita "mwenyekiti wa mkurugenzi". Linaniuma hadi leo, na waliosema wanajijua.

Kwa hiyo mheshimiwa, soma kabrasha. Usimpigie mkuu wa idara simu usiku kumwagiza kazi, pitia kwa bosi wake. Usimseme mkurugenzi kwenye mkutano wa hadhara kwa jambo ambalo hujamuuliza ofisini. Mkitofautiana, mtofautiane mkiwa na karatasi mbele yenu. Na narudia, soma kabrasha, kalamu mkononi, hasa viambatisho vya nyuma, vile ambavyo madiwani wengi hawavifungui kwa sababu posho imeshasainiwa.