Ukienda shuleni, beba vipimajoto na maharage

Vijana wanaoanza kazi kwenye maabara za vyuo vikuu huku Nyanda za Juu Kusini wakipangiwa kwenda kuwaonyesha wanafunzi sayansi, huja kuniuliza: tubebe nini? Wengi wanakuwa wameshafikiria moshi wa rangi, mlipuko mdogo, puto linalojijaza lenyewe. Watoto watapiga makofi, hilo halina ubishi. Ila gari likiondoka, watakachobaki nacho ni kwamba wale wageni wa chuoni wanajua mambo yasiyojulikana hapa kijijini. Mimi nawaambia wabebe vipimajoto na kilo mbili tatu za maharage.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwenye joto pungufu kwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa sababu hewa inayoukandamiza uso wa maji imepungua na mvuke hauna kazi kubwa ya kutoka. Sufuria ya Mbeya kwa hiyo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Shuka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni kama mita 500 tu, utapata 98. Panda Kitulo, kwenye mita 2,600 na zaidi, utapata 91 au pungufu kidogo. Watu wa huku wanaishi juu ya jaribio hili maisha yao yote, na maharage yao yanachelewa kuiva kila siku kwa sababu hiyo. Anayehamia kutoka Dar es Salaam hulaumu mkaa.

Sasa ingia darasa la kidato cha pili na uwaulize maji yanachemka kwenye nyuzi ngapi. Watajibu kwa pamoja: mia! Waache waandike jibu hilo ubaoni. Kisha wape vipimajoto, wagawane vikundi, wapime wenyewe. Nimeshaona msichana akisoma 94 vizuri kabisa, akaiandika, akaangalia ubaoni, akaifuta na kuandika 100. Hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa kuliamini daftari kuliko jicho lake. Kwangu mimi, maabara ya chuo inasafiri ili mtoto kama huyo asiifute namba yake. Mengine yote ni nyongeza.

Kwa hiyo jiandae kuitetea namba yake. Beba barafu kwenye chupa ya chai, na kabla ya yote kila kikundi kitumbukize kipimajoto kwenye barafu inayoyeyuka kisome 0. Hapo hakuna atakayesema kifaa ni kibovu. Atatokea wa kusema moto ni mdogo. Usimjibu! Mwambie aongeze kuni. Maji yatatokota kwa nguvu, mvuke utajaa chumba, na kipimajoto kitabaki palepale. Wengine watasema tutie chumvi, watie. Kijiko kimoja hakitabadilisha kitu cha kuonekana, maana ili upate nyongeza ya nyuzi 1 unahitaji karibu gramu 58 za chumvi kwa lita moja, na mboga hiyo hailiki. Dakika hizo za ubishi ndizo zenye thamani kuliko maelezo yoyote utakayotoa. Ukizikatisha kwa sababu ratiba yako imebana, ni afadhali ungepunguza shule na kukaa muda mrefu kwenye chache.

Ongea na mwalimu wa fizikia mapema, siyo asubuhi hiyohiyo. Ana mtihani wa taifa mbele yake na ana haki ya kuogopa usiwachanganye vijana wake. Kubalianeni mtakachowaambia: 100 ni ya usawa wa bahari, 94 ni ya hapa, na zote ni sahihi mradi utaje mahali ulipo. Mwalimu akilisema hilo mwenyewe mbele ya darasa, linakaa. Na waache wanafunzi wabishane kwa Kiswahili. Shule ya msingi wamefundishwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi anayetafuta maneno ya Kiingereza hakisii, ananyamaza. Istilahi za mtihani ziandikwe baadaye, wakishaelewa.

Halafu mwite mpishi wa shule. Hili ndilo vijana wangu hulisahau, nami nalisisitiza kila mara. Mpishi anajua maharage ya msimu uliopita, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, hayaivi upesi kama mapya. Anajua kuyaloweka usiku kucha. Anajua magadi. Mwanafunzi amsalimie, shikamoo mama, amuulize anatia kiasi gani na kwa nini, aandike. Kisha ninyi mtoe mchango wenu: magadi ni besi, yaani kinyume cha asidi, hulainisha ganda kwa kuvunja pektini inayoshikilia chembe za harage, lakini hiyohiyo besi huharibu vitamini B1. Basi magadi yawe kidogo, na kuloweka kufanye kazi kubwa. Chukua maji ya choya, yaliyo mekundu, dondoshea ndimu kwenye kikombe kimoja na maji ya magadi kwenye kingine. Ya ndimu yatabaki mekundu, ya magadi yatageuka kijani. Mama wa jikoni akiliona hilo pamoja na wanafunzi, sayansi ya chuo na elimu yake zimekaa meza moja, na watoto wameona nani anaheshimiwa.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Barua ya utambulisho ipite kwa afisa elimu wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa shule. Novemba ni mitihani, usiende. Masika barabara za Rungwe na Makete zinateleza vibaya. Vipimajoto viwe vya spiriti. Vya zebaki viacheni chuoni, kimoja kikivunjika darasani huna namna ya kukusanya ile sumu yote. Meza ya moto iwe na mtu mzima muda wote.

Kuhusu fedha nina msimamo mkali kidogo. Bajeti nyingi za safari hizi hulipia fulana na mabango. Hamishieni fedha hizo kwenye vipimajoto, na mviache shuleni, vikiwa vimeandikwa kwenye daftari la mali la maabara ili visipotee. Bila kifaa kubaki, mwalimu hawezi kurudia jaribio na mkondo mwingine.

Kisha unganisha shule tatu: moja ya Kyela, moja ya Mbeya, moja ya upande wa Kitulo. Walimu watumiane vipimo kwa simu, kila darasa lichore grafu ya mwinuko na joto la kuchemka. Nukta tatu zinatosha kuona mstari unashuka. Swali la kuwaachia ni hili: shule ya nne, ambayo hamjui mwinuko wake, ikiwatumia kipimo cha nyuzi 96, iko mita ngapi? Waambie wapige simu wapate kipimo, wakisie kwanza kwa grafu, ndipo waitafute ramani.