Hanakapiai mnaiweza, ila matope yake si mchezo

Mkuu, hongera kwa ndoa. Umeuliza kama wewe na mkeo, ambao hamjazoea milima, mnaweza kutembea hadi ufuo wa Hanakapiai, kisiwani Kauai, Hawaii. Mnaweza. Ni kama kilomita 3.2 kwenda tu, kwa njia ya Kalalau. Ila usidanganywe na umbali: ni kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama bamia. Shemeji aache raba nyeupe hotelini, ile rangi haitoki. Mke wangu kuna mahali aliteremka kwa makalio, kashika mzizi mkono mmoja, simu mkono wa pili, na bado ananiambia nimpige picha!

Cha kuogopa hasa ni mto unaovukwa kabla ya kufika mchangani. Mvua ikipiga milimani unajaa ghafla, hata kama mlipo jua linawaka. Mkiona maji yamechafuka na yanapanda, msivuke, subirini yashuke.

Baharini msiingie kabisa. Mkondo wa pale umeshaua watu. Halafu majira ya baridi mawimbi hufagia mchanga, mkakuta mawe matupu, kwa hiyo bora Juni hadi Agosti.

Jambo la mwisho, kibali. Wageni hukata mtandaoni nafasi ya kuingia Haena State Park, hifadhi ambako njia hiyo inaanzia; nafasi inafunguliwa siku 30 kabla na huisha haraka. Kateni hiyo kwanza, ndipo mpange siku ya matembezi.