Ukitaka tensi za Kiingereza zikae kichwani, anza na kitenzi kimoja

Nafundisha tuisheni watoto wa kidato cha kwanza, wengi wametoka shule za msingi za serikali ambako walisoma kila kitu kwa Kiswahili kasoro somo la Kiingereza lenyewe, halafu wakifika sekondari baiolojia Kiingereza, jografia Kiingereza, hesabu Kiingereza. Wanakuja na madaftari yamejaa majina ya tensi na kanuni zake ila muulize kwa Kiingereza mama yako anafanya kazi wapi, kimya. Ndo maana siku hizi siwaanzishii na majina kabisa.

Chukua kitenzi kimoja kisicho na mambo mengi, mfano "work", ukae nacho hicho hicho hata wiki. Na usiandike sentensi za hewani, andika za kwenu. Mama anauza sokoni? "My mother works at the market." Hiyo s ni ya he, she na it tu, na ukiuliza au ukikanusha inahamia kwenye do: "Does she work?", "She doesn't work on Sundays." Hapo wengi wanaiweka mara mbili, utasikia "does she works", kwa hiyo nawasisitizia does ikishaibeba ile s basi work inabaki yenyewe.

Sasa kazi kubwa iko hapa. Sisi tukisema "mama anafanya kazi" inaweza kuwa ndo shughuli yake ya kila siku au yuko kazini muda huu, yote sawa, ila Kiingereza kinataka uchague. Kila siku ni "she works". Umempigia simu hapokei sababu yuko na wateja, hapo ni "she is working". Mwanafunzi akizoea kujiuliza kwanza ni kila siku au ni sasa hivi, nusu ya makosa yanaisha.

Na kuna hii ya "tangu". Kwetu ni sawa kabisa kusema mama anafanya kazi sokoni tangu 2019, so mtu anaandika "she is working there since 2019" na anakatwa maksi. Kitu kilichoanza zamani na bado kinaendelea, sema "she has been working there since 2019", au "she has worked" pia inakubalika. Hii irudieni sana jamani, nakutana nayo hata kwenye barua za kazi za watu wazima.

Work ikishakaa hamia "study", maana hapo y inageuka, "she studies", wakati "play" inabaki "plays" kwa sababu kabla ya y kuna irabu. Kisha "know" na "want", hivi kwa kawaida havipendi ing, ni "I know" hata kama unaongelea sasa hivi, usiseme "I am knowing".