Mti wa duara wenye ncha ya chuma

SWALI: Mhariri, nimenunua kwa muuza vitu vikuukuu hapa Malindi kipande cha mti wa duara chenye ncha bapa ya chuma, na juu yake kuna kipini kinachozunguka peke yake. Je, ni kifaa gani?

JIBU: Hiyo ni keke ya kutobolea mbao, ingawa haijakamilika, kwa kuwa uta wake haupo. Mti wa duara ni msukano, na kipini ni jivu, ambalo fundi hulikandamiza kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipeleka na kurudisha uta, ambao kamba yake imezungushwa kwenye msukano. Itazame ncha kwa makini: ikiwa imenolewa pande zote mbili, ni kwa sababu keke hukata ikienda na ikirudi, tofauti na ncha za drili za leo zinazokata zikizungushwa upande mmoja tu. Waunda majahazi waliitumia kutoboa njia ya misumari mirefu ili ubao usipasuke. Tafadhali usiusugue msukano kwa msasa, maana alama zilizoachwa na kamba ndizo zinazoonyesha kwamba keke hiyo ilifanya kazi kweli, wala haikuchongwa juzi kwa ajili ya watalii. Uta mpya seremala yeyote mzuri atakuundia.